Mechi Waliyomdai Hamidu Mbaruku

Wasikilizaji wapendwa, ilikuwa Jumapili, tarehe ishirini na sita Aprili, mwaka 2009, saa kumi na dakika thelathini na nne alasiri. Mvua ya masika ilikuwa imekatika punde. Uwanja wa mpira wa Bagamoyo ulikuwa umetapakaa madimbwi, na upepo wa kusini ulikuwa ukilipeperusha vumbi la maji juu ya nyasi. Katika dakika hiyo mtu mmoja aliulizwa swali moja, akajibu kwa neno moja. Neno lenyewe lilikuwa "hapana". Mtu mwenyewe alikuwa Hamidu Mbaruku.

Huyo ndiye tunayemkumbuka leo. Marehemu Hamidu Mbaruku alikuwa mwenyekiti wa klabu ya Nanga. Alikuwa diwani kwa vipindi viwili. Alikuwa mjumbe wa chama chake katika ngazi ya mkoa. Alifariki dunia tarehe kumi na tatu Mei mwaka huu wa 2025, nyumbani kwake Dunda, akiwa na umri wa miaka sitini na nne. Na tangu alipotamka lile "hapana" hadi alipofumba macho, kulikuwa na watu waliokuwa wakimdai. Hawakumdai fedha. Walimdai mechi.

Wasikilizaji wapendwa, asiyezijua Nanga na Jembe hawezi kumjua Hamidu. Nanga ni klabu ya Dunda, klabu ya mji mkongwe, ya wavuvi na wenye maduka. Jembe ni klabu ya Fukayosi, ng'ambo ya mto Ruvu, klabu ya wakulima. Ni watani wa jadi. Nanga huwaita Jembe wala mihogo. Jembe huwaita Nanga wala dagaa. Mtu wa Nanga akioa, Jembe huja kudai kilemba kisichokuwa chao. Mtu wa Jembe akifiwa, Nanga hulizuia jeneza njiani hadi wapewe japo kiganja cha ubuyu. Ndivyo walivyolelewa. Watani hudaiana vitu visivyokuwepo, watu wakacheka, na huzuni ikapungua makali.

Hamidu alizaliwa katika utani huo. Baba yake alikuwa na duka la kamba na nyavu karibu na forodha ya zamani. Alipofaulu darasa la saba alipelekwa shule ya bweni ya serikali, mbali, nyanda za juu, kwenye baridi ambayo hakuwahi kuiota. Huko ndiko alikotengenezwa. Huko mtoto aliamka kwa kengele, akala kwa kengele, akalala kwa kengele.

Dada yake, Bi Shamsia, anakumbuka likizo moja. "Basi liliharibika Chalinze. Hamidu akalala pale kituoni, akafika shuleni siku moja baada ya kufungua. Akaeleza kisa chake. Mwalimu mkuu akamwambia, kengele haisikilizi visa. Akapewa shoka na sururu, ang'oe kisiki cha mkaratusi. Aliking'oa mpaka mikono ikachubuka. Mimi niliposikia nililia. Yeye alikuwa akikisimulia kwa fahari, kama mtu anayesimulia alivyopata cheo."

Ndiyo, wasikilizaji wapendwa. Kwa fahari. Hamidu aliamini kwamba kile kisiki kilimfanya mtu. Nani atamlaumu? Wapo wengi katika nchi hii waliofanywa watu kwa namna hiyo, wakaitumikia nchi bila kuichelewesha hata siku moja.

Akarudi Bagamoyo, akafundisha hisabati, akachezea Nanga beki ya kushoto, kisha akawa katibu wake, kisha mwenyekiti. Hakupokea mchezaji asiyehudhuria mazoezi, hata awe na miguu ya dhahabu. Kikao kikiitwa saa tisa, saa tisa alikifungua, hata kama waliofika walikuwa yeye na mfagizi.

Mdogo wake, Mzee Bilali, ana kisa chake mwenyewe. "Mimi nilijenga banda la kukaangia samaki, likaingia kidogo kwenye njia ya kwenda pwani. Kidogo tu, unyayo. Kaka alikuwa diwani. Alikuja asubuhi na watu wa kata, wakalibomoa. Jioni akaja kula kwangu! Nikamwambia, kaka, huoni haya? Akaniambia, aliyebomoa ni diwani, mimi ni Hamidu, nipakulie."

Wote waliokuwepo walicheka Mzee Bilali alipotusimulia hayo. Yeye mwenyewe alicheka kuliko wote, kisha akajifuta macho.

Sasa turudi kwenye ile Jumapili ya mwaka 2009. Ilikuwa fainali ya kombe la wilaya, iliyopangwa siku ya Muungano. Nanga dhidi ya Jembe. Jembe walikuwa hawajawahi kufika fainali tangu klabu yao ianzishwe. Wakati huo barabara ya kwenda Msata ilikuwa bado ya udongo, na masika yalikuwa yamelilowesha bonde la Ruvu. Lori lililowabeba Jembe na mashabiki wao lilizama kwenye ule udongo mweusi wa bondeni. Wakasukuma. Likazama zaidi. Wakashuka, wakaja kwa miguu. Wachezaji, kina mama, wapiga ngoma, wote.

Mechi ilikuwa ianze saa kumi kamili. Kanuni ya kombe ilisema kwamba timu ikichelewa kwa nusu saa imepoteza mchezo. Nasisitiza, wasikilizaji wapendwa, kwa sababu hapa ndipo kilipo kiini cha habari. Kanuni ilisema nusu saa. Lakini kanuni hiyo hiyo iliendelea kusema: isipokuwa timu iliyopo uwanjani ikubali kusubiri.

Jembe waliingia langoni dakika nne baada ya ile nusu saa. Walikuwa wameloa, wamepakaa matope hadi mapajani, viatu wamevitundika shingoni. Mwamuzi alimwendea mwenyekiti wa Nanga.

"Mwenyekiti, wamefika. Mkikubali, napuliza kipenga."

"Hapana," alisema Hamidu.

Mashabiki wa Nanga wakapasuka kwa vigelegele. "Nendeni mkapalilie!" "Jembe limeota kutu!"

Muzammil, mwana wa marehemu, alikuwa kipa wa akiba wa Nanga siku ile, kijana wa miaka kumi na tisa. Anasema hivi: "Mimi nilikuwa na glavu mkononi. Nilitaka kucheza. Sote tulitaka kucheza. Hakuna aliyethubutu kumwambia Baba."

Aliyethubutu alikuwa mwanamke mmoja wa Fukayosi, Bi Mwanvita. Mwanawe, Bwanaheri Rehani, ndiye aliyekuwa nahodha wa Jembe. Bi Mwanvita hakuwahi kuutazama mpira maishani mwake. Siku ile alikuwa ametembea kutoka bondeni ili amwone mwanawe akicheza fainali. Alimfuata Hamidu mpaka kwenye mstari.

"Baba, tumefika."

"Mmechelewa, mama."

"Tumechelewa, lakini tumefika. Haya, na tulichokifuata ki wapi?"

Hamidu akamweleza habari ya basi la Chalinze na kile kisiki. Alimweleza kwa adabu, mikono ameifumba nyuma. Bi Mwanvita alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza, "Na wewe ulipokwisha kuking'oa hicho kisiki, walikufukuza shule, au walikuingiza darasani?"

Hamidu akamgeukia mwamuzi. Nanga wakakabidhiwa kombe. Jembe walisimama katikati ya uwanja, wamejipanga kama timu inayongoja kuanza, hadi watu wa mwisho walipoondoka.

Mwaka uliofuata Hamidu alichaguliwa diwani. Jina lake lilikuwa limevuma: mtu wa kanuni, mtu asiyeyumba. Alichaguliwa tena mwaka 2015. Na kila alipovuka Ruvu, kwa harusi, kwa mazishi, kwa mkutano wa chama, Bwanaheri Rehani alisimama.

"Mheshimiwa, sisi Fukayosi tunakudai."

Hamidu alijibu kama mtani anavyojibiwa. "Nitawalipa kapu la dagaa, mjifunze kula chakula cha watu!" Mara nyingine alisema, "Leteni kwanza lile lori mlilolipanda kama mihogo pale bondeni!" Watu wakaanguka kwa kicheko. Bwanaheri akaketi. Safari nyingine akasimama tena. "Tunakudai." Dagaa. Mihogo. Kicheko. Ikawa ada. Hamidu alifika mahali akawa anaingoja kauli ile, na asipoisikia alikuwa akiuliza, "Mtani wangu yu wapi leo?"

Barabara ikatiwa lami. Bi Mwanvita akafariki. Hamidu alikwenda kuzika. Siku ile Bwanaheri hakusema kitu, na Hamidu alidhani ni msiba tu uliomfunga mdomo.

Mwaka 2020 aliomba chama chake kimpitishe kugombea ubunge. Alikuwa na sifa zote. Alikuwa na jina safi kuliko wenzake wote. Kura za maoni zikapigwa, zikahesabiwa hadharani, na wajumbe wa ng'ambo ya Ruvu wakampita kama gari linavyokipita kituo. Akashindwa kwa kura hizo hizo.

Alipotoka ukumbini alimkuta Bwanaheri mgahawani, kikombe cha chai mbele yake. Bwanaheri alikuwa mjumbe.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, mtani. Leo mmenizika mzima."

"Hatukukuzika. Tulikukumbusha."

"Mlinikumbusha nini?"

"Kwamba tunakudai."

Hamidu akacheka, akavuta kiti. Bwanaheri akaweka kikombe chini.

"Mheshimiwa, mtani akidai hucheka. Miaka yote hii nikikwambia tunakudai, uliwahi kuniona nacheka?"

Hamidu akatafuta kichwani. Aliwaona wote wakicheka: wajumbe, wazee, kina mama, yeye mwenyewe akiwa mbele yao. Uso wa Bwanaheri aliuona pia. Haukuwa na kicheko hata mara moja.

"Lakini ilikuwa kanuni," alisema.

"Hatusemi kanuni ilikosea. Mwamuzi alikuwepo. Mpira ulikuwepo. Ninyi mlikuwepo, na sisi tulikuwepo. Kanuni ilikuuliza wewe. Wewe ndiye uliyesema hapana."

Mjane wa marehemu, Bi Zuleha, anaikumbuka jioni hiyo. "Nilidhani anaumia kwa sababu ya ubunge. Akakaa barazani, chai ikapoa. Akaniuliza, 'Zuleha, hivi mtu akikutania, hucheka?' Nikamwambia, asipocheka yeye, atacheka nani? Tangu siku hiyo hakutia tena neno la utani kwa watu wa Fukayosi."

Wasikilizaji wapendwa, mtu anaweza kuuliza: kama alijua, mbona hakulipa? Mechi ni mpira na watu ishirini na wawili. Jibu lake alilitoa mwenyewe, na linafanana naye. Alimwambia Bi Zuleha hivi: "Nikiwalipa leo, siku chache baada ya kuninyima kura, watu watasema Hamidu ananunua kura za uchaguzi ujao. Na watakuwa na haki ya kusema hivyo." Akaamua kungoja hadi amalizane na siasa. Akatangaza kwamba hatagombea tena. Lakini kabla hajavuka Ruvu kwenda kusema neno lake, figo zikaanza kumsumbua, na miaka yake ya mwisho ikawa ya kitanda na hospitali. Pengine kungoja kule kulikuwa kwa heshima. Pengine kiburi nacho kilikuwa kimejificha ndani yake, kimevaa kanzu ya heshima. Yeye mwenyewe hakudai kuvitenganisha.

Wiki alizokuwa akidhoofika alimwita Muzammil. "Nilipokuwa natafuta kura," alimwambia, "sikujua kwamba nadaiwa. Nilipojua, nikaona kulipa ni kununua. Sasa sina kura ninayoitafuta, na sina miguu ya kulipia." Kisha akamshika mkono. "Siku yangu ikifika, watasimama. Watu watacheka. Wewe usicheke."

Tarehe kumi na nne Mei, baada ya sala ya adhuhuri, jeneza lilikuwa tayari barazani. Fukayosi walikuwa wamekuja, nao ni watani, na kila mtu alikuwa akingoja vituko vyao. Shehe akasimama, akasema maneno yanayosemwa kabla ya kila maiti wetu kutolewa: kwamba Hamidu alikuwa binadamu, kwamba aliyekosewa naye amsamehe, na kwamba anayemdai ajitokeze sasa, ama asamehe, ama awafuate warithi.

Bwanaheri Rehani akainuka. Ana miaka hamsini na mbili sasa, ndevu zimeingia mvi.

"Mimi namdai."

Baraza zima likacheka. Wapo waliopiga makofi. Mtu mmoja wa Nanga akapaza sauti, "Mpeni dagaa zake atupishe!" Hata Shehe alitabasamu, kwa sababu ndivyo desturi ilivyo. Mtani akiwepo, msiba hupumua.

Muzammil hakucheka. Alikuwa ameketi kwenye jamvi, karibu na kichwa cha jeneza. Akasimama. Kicheko kikapungua kidogo kidogo, safu kwa safu, hadi kikaisha.

"Ami Bwanaheri, unamdai nini Baba?"

"Mechi. Dakika tisini."

"Ni deni, au ni utani?"

"Ni deni."

Shehe akauliza kama desturi inavyotaka. "Unamsamehe marehemu, au unataka ulipwe?"

Hapo, wasikilizaji wapendwa, kila mtu alitarajia neno moja. Mbele ya maiti, watu wa pwani husamehe. Lakini Bwanaheri alitikisa kichwa.

"Sisamehi. Lingekuwa langu peke yangu, ningesamehe hapa hapa. Wapo waliokuja kwa miguu siku ile, na leo hawapo duniani. Mama yangu ni mmoja wao. Siwezi kulitoa lililo lao."

Manung'uniko yakaanza. Mzee mmoja wa Nanga akasema kwa hasira kwamba kombe haliendi popote. Muzammil akamgeukia. "Mzee wangu, hakuna aliyetaja kombe." Kisha akamgeukia Bwanaheri na kusema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Deni la Baba nimelichukua mimi." Shehe akaitikia. Jeneza likainuliwa, na Bwanaheri akawa mmoja wa waliolibeba.

Kwa niaba ya kituo chetu, tunampa mkono wa pole Bi Zuleha. Pole kwa Muzammil, kwa Bi Shamsia, kwa Mzee Bilali, kwa wana Nanga wote, na kwa wana Jembe pia, kwani nao wamefiwa na mtani wao. Mwenyezi Mungu amrehemu Hamidu Mbaruku na amweke panapo wema.

Nasi tuliobaki tuna la kutafakari. Asije mtu akasema kwamba Hamidu alikosea kwa kuipenda kanuni. Taifa lisilo na kanuni ni soko lisilo na mizani, na watu wa aina ya Hamidu ni wachache, tena wanapungua. Ila kanuni ile ilikuwa na mlango, na ufunguo alipewa yeye. Aliufunga, kisha akasema umefungwa na kanuni. Kila mmoja wetu, mwenye cheo kikubwa au kidogo, ajiulize ni milango mingapi aliyoifunga kwa mkono wake mwenyewe na kuyaweka makosa juu ya sheria. Na ajiulize pia: miongoni mwa wanaomtania, ni nani asiyecheka?

Imebaki kuwaarifuni matokeo. Arobaini ilipokwisha, Jumapili iliyopita, tarehe ishirini na tisa Juni, Nanga na Jembe waliingia katika uwanja ule ule wa Bagamoyo. Hawakuingia vijana. Waliingia wale wale wa mwaka 2009, kila aliye hai na anayeweza kutembea. Muzammil alisimama golini. Jembe walifika mapema mno, wakamkuta mpiga chokaa bado anapiga mistari.

"Leo mmewahi!" walipigiwa kelele.

"Lami haina masika!" wakajibu.

Kulikuwa na waliopendekeza dakika ishirini kila kipindi, kwa kuwa wachezaji ni watu wazima na vitambi vimewatangulia. Bwanaheri akakataa. Deni, alisema, halilipwi nusu. Zikachezwa dakika tisini. Jembe walifunga mapema, na ngoma za Fukayosi zikalia hadi barabara kuu. Kisha pumzi ikaanza kuwa ghali. Beki mmoja wa Jembe akaanguka bila kuguswa na mtu, na jukwaa la Nanga likampigia kelele, "Babu, inuka, msiba ulishaisha!" Bwanaheri mwenyewe alikosa bao akiwa peke yake na Muzammil, akapaisha mpira juu ya ukuta, na watu wa pande zote mbili wakajishika mbavu.

Kipenga cha mwisho kilipolia, Nanga walikuwa na mabao matatu, Jembe bao moja.

Muzammil alitoka golini, akavuka uwanja, akavua glavu na kunyoosha mkono.

"Ami, tumewafunga."

"Mmetufunga," alisema Bwanaheri. Alikuwa akihema, jasho linamtiririka ndevuni. Akaupokea ule mkono, akageukia jukwaa, na mbele ya Dunda na Fukayosi akatamka:

"Tumelipwa. Hamidu Mbaruku hatumdai."